Majivu ya Mbabula ya Amisi

Régina alikuwa mkaidi, na bila ukaidi huo bustani yake ya lengalenga, yaani mchicha, kando ya kijito karibu na Lusangi, ingekufa zamani. Wachimba dhahabu wa huko juu waliosha mchanga wao humo, maji yakamfikia mekundu na mazito, na hakuwa na mengine ya kumwagilia. Udongo ukakauka kama tofali. Majirani wakahamisha mashamba. Yeye akasema udongo ni mzazi aliyetoka kujifungua, haudaiwi kazi kabla haujalishwa.

Akaulisha. Mavi ya mbuzi, pumba za mpunga, majani yaliyooza, majivu. Lakini majivu ya jikoni kwake yalikuwa na kazi yake: kwao huyachuja wakapata chumvi ya kuungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na hakuna mama anayeyamwaga shambani hivi hivi. Basi akawa anakwenda kwa Amisi, mnunuzi wa dhahabu, ambaye mbabula yake, jiko la makaa la kuchomea dhahabu, haizimi.

"Beba yote, mama," Amisi alimwambia. "Unanisaidia kufagia."

Minyoo ikarudi udongoni. Mboga ikanyanyuka na majani mapana, Régina akaringa, na acha aringe. Aliyeila zaidi ni Chimène, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba baada ya ile ya kwanza kutoka. Mboga inaongeza damu, Régina alimwambia kila siku, na alimsimamia mpaka sahani iwe tupu.

Asubuhi moja baada ya mvua, akipalilia, akaona kitu kinang'aa kwenye tuta. Akakigusa, kikagawanyika, kikakimbia. Zebaki, ile dawa ya wachimbaji ya kukamata dhahabu, inayotenganishwa nayo kwa kuchomwa motoni, ambayo kila mzazi wa pale huwakataza watoto kuichezea. Akafukua. Ilikuwa tele, palepale alipomwaga majivu mengi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Alipigana na maji misimu yote hiyo, na sumu akaibeba mwenyewe kichwani kwa gunia.

Akaweka tone juu ya jani, akampelekea Amisi.

"Hii iko inatoka mu majivu yako."

Amisi akainama, akaangalia. Hakukana, wala hakushtuka. Alinyoosha kiganja tu.

"Leta, mama. Iko inafaa bado."

Régina akarudi mbio. Chimène alikuwa ameketi mlangoni, sahani mapajani, mkono juu ya tumbo.

"Leo nimejipikia mwenyewe, mama," akasema. "Usinigombeze. Nimemaliza yote."