Hodi Moja Inatosha

Miaka ile ya hali ya hatari, mtaa wetu wa Nairobi ulizungushiwa seng'enge, ukabaki na lango moja tu. Mume wangu alikwenda kazini reli kila alfajiri. Mimi nikabaki na chumba, jiko la makaa na sauti za majirani. Bila kibali hutoki, wala mgeni halali kwako.

Jirani yangu, mwanamke wa pwani, alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alifanya zamu za usiku. Mama yake aliishi mtaa wa pili, ng'ambo ya seng'enge, na jioni walipungiana mikono tu, kila mmoja upande wake.

"Shoga, wewe umesoma misheni," akaniambia. "Niandikie barua kwa karani wa vibali, amruhusu mama aje alale nami. Uchungu ukinishika usiku, nani atanikanda mgongo? Wewe? Hujazalisha hata paka!"

Nikaandika kama tulivyozoea wote. Salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali, ilhali karani mwenyewe alikaa pale langoni, namwona nikianika nguo. Ombi lenyewe nililiweka nyuma ya karatasi, mwisho kabisa, kwa adabu.

Jibu halikuja. Tumbo likashuka. Nikaenda langoni mwenyewe.

Karani alikuwa akisoma barua kwa kusimama, jua usoni, askari akimhimiza. Nikamtazama macho. Yalishuka mistari michache, yakachoka, na barua ikawekwa chini ya jiwe pamoja na nyingine. Yangu ilikuwa humo. Nilipomwonyesha, akaichomoa.

"Mama, umenisalimia mimi, mke wangu na kuku wangu. Unataka nini?"

"Anataka kukuposa!" mzee mmoja akadakia nyuma yangu, na foleni nzima ikacheka.

Kabla sijajibu, askari akanisukuma pembeni. "Mwenye shida aandike! Anayefuata!"

Nilirudi nimeudhika, lakini nimejifunza. Nawe unayetaka kuandika vizuri, usivunjike moyo: tafuta nafasi umwone msomaji wako akisoma. Utajua anapochoka.

Nilipomwambia jirani tupunguze salamu, alishika kifua. "Astaghfirullah! Utaingia nyumba ya mtu bila hodi?"

"Hodi moja inatosha. Sisi tumebisha mpaka mwenye nyumba kasinzia."

Nikamsimamisha mlangoni, jua likimpiga, nikamwambia yeye ndiye karani. Nilisoma, na kila alipouliza "nani huyo?" au "kwa nini?", nilifuta na kuandika upya. Alianza kuifurahia kazi ile, akawa mkali kuliko karani wa kweli. Mwisho ikabaki hivi: "Salaam, bwana karani. Jirani yangu anakaribia kujifungua na usiku yuko peke yake. Tunaomba mama yake aingie alale naye mpaka mtoto azaliwe."

Kesho yake kibali kikatoka. Mama akapita langoni na furushi lake kichwani, bintiye akilia na kucheka pamoja. Mtoto wa kike akazaliwa salama mikononi mwa bibi yake.

Siku ya kurudi kwake, mama alijifunga kanga akaenda langoni. Punde akarejea na furushi lilelile. Askari alikuwa amemwambia kibali chake ni cha kuingia. Cha kutoka hakuna aliyekiomba.

Aliketi kwenye kigoda changu, akanitazama bila hasira. "Mwanangu, umenipika vizuri, ukasahau kunipakua."

Sasa tulikuwa wanawake watatu ndani ya seng'enge, na kichanga. Nilivuta karatasi, lakini sikuigusa kalamu. Nikamsimamisha tena jirani mlangoni, mtoto begani, uso kwenye jua.

"Haya, bwana karani," nikamwambia. "Mama anataka kwenda kwake. Niulize yote utakayotaka kujua."

Akakunja uso kama mwenyewe. "Kwake wapi?" akaanza.