Kadi Kumi za Tarehe Moja Januari

Mke wangu Nabintu hasemi uongo, na hilo ni tabu kubwa nyumbani. Ukimwuliza kama shati limekukaa vizuri, atakuambia. Nilimwoa kwetu Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo, nikijua hivyo. Nikakimbia naye vita, na tulipofika kambi ya Nakivale, Uganda, nikadhani ukimbizi utampunguza makali. Wapi! Kwa hiyo siku alipoitwa mwongo mbele ya ofisi nzima, mimi ndiye niliyekimbia kumtetea. Namna nilivyomtetea ndiyo nitakayoisimulia, ingawa hainipendezi.

Alianzia pale Base Camp, penye ofisi za kambi, kando ya banda langu la kutengeneza redio, akiwaandikia watu barua kwa mashine ya chapa iliyokosa herufi mbili. Siku moja akaja Mhandisi Mutabazi, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Mbarara, akitafuta mkalimani. Mutabazi alikuwa akichunguza maji ya ziwa, yale tunayokunywa, mekundu kwa udongo. Alitaka kujenga machujio ya mchanga katika kijiji chetu cha Kashojwa. Nabintu alitafsiri siku mbili, kisha akaomba kuzisoma karatasi za bwana mkubwa, na jioni akamwambia kwamba ukurasa wa nne unabishana na ukurasa wa tisa. Mutabazi alinuna, akahesabu upya, akakuta ni kweli. Mwaka uliofuata, 2008, alimtafutia kazi chuoni.

Ilikuwa ofisi ya kuwasaidia watafiti kuomba fedha. Wengi hawaijui kazi hiyo. Mtafiti ana akili nyingi na subira kidogo. Anaandika mambo makubwa juu ya saruji au vijidudu, anasahau barua ya mkuu wa idara, anazidisha idadi ya kurasa zilizoruhusiwa, na wafadhili wanalitupa ombi lake bila kulisoma. Nabintu aliweka rula chini ya kila mstari wa masharti na kuyasoma mara tatu. Maombi yaliyopungukiwa aliyaita wagonjwa. Alikuwa akinipigia simu jioni, "Leo niko na bagonjwa bane. Mumoja hana bajeti, mwingine hana kichwa." Alikaa Mbarara siku za kazi na kurudi Kashojwa Jumamosi. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio, na ulikuwa unaisha mwezi ule ninaousimulia, wa mwaka 2009.

Mwezi huohuo ombi la Mutabazi la machujio lilipaswa kufika kwa wafadhili wa sayansi na uhandisi huko Ulaya. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Wafadhili walidai orodha ya wakazi waliokubali kushiriki: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi ya chakula, na alama ya dole gumba. Nabintu aliikusanya mwenyewe hapa Kashojwa, nyumba kwa nyumba, watu thelathini na wanane. Hakuchukua nakala za kadi, kwa sababu jenereta la mwenye mashine ya fotokopi lilikuwa limekufa juma zima.

Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, simu yangu ikaita.

"Emery, kuko shida," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Madamu wa ofisi ameangalia liste. Batu makumi tatu na munane, bote banazaliwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Anasema niliandika majina mu ofisi, nikapiga bidole byangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nakivale yote imezaliwa tarehe moja Januari! Ulipofika kuandikishwa, karani alikuuliza tarehe. Ukasema mama yako alikwambia ulizaliwa wakati wa kuvuna maharage, mwaka ule mvua ilipobomoa daraja. Karani alikisia mwaka, akajaza tarehe moja Januari, akamwita wa nyuma yako. Tulikuwa tumeizoea tarehe ile hata hatukuiona tena, na Nabintu, mwenye rula yake, hakuiona pia. Yake mwenyewe ilikuwa hiyohiyo.

"Umemueleza?" nikauliza.

"Nimemueleza mara mbili. Anasema maelezo haiko preuve, haiko ushahidi. Anataka kadi zenyewe, kumi tu, zipite mu mashine mbele ya saa kumi na moja. Kama hazifike, ombi haliendi. Na mimi ninatoka."

Nisimseme vibaya yule Madamu, Bi. Kyarisiima, mkuu wa ofisi. Mwaka uliotangulia chuo kingine kilikuwa kimekamatwa na majina ya kubuni, na wafadhili wakakifungia miaka mitano. Alikuwa akikilinda chuo chake. Lakini alikuwa ameiita kazi ya mke wangu wizi, mbele ya Mutabazi na makarani.

Balaa ni kwamba Ijumaa ile ilikuwa siku ya mgao wa chakula. Uwanja wa Base Camp ulijaa mistari tangu alfajiri, na kila mtu alikuwa na kadi yake mkononi. Niliwapigia maofisa wawili wa kambi ninaowafahamu ili wamhakikishie Madamu kwa simu. Wote walikuwa katikati ya magunia, hawakusikia kitu. Nikatafuta gari. Dereva mmoja wa pikapu ya ndizi, Mganda ambaye nilikuwa nimemtengenezea redio, alikubali kunibeba.

"Mzee, mimi naenda saa saba na nusu," alisema. "Hapana ngoja mutu."

Nikaanza kupita mstari kwa mstari na majina niliyoyakumbuka. Jamani, mtu atakuazima baiskeli, atakuazima hata kitanda, lakini kadi ya chakula hampi hata ndugu wa tumbo moja. Ikipotea utazunguka ofisini miezi. Yonatani, jirani yangu, tunayesali naye kanisa moja, tayari alikuwa amepokea unga wake.

"Nipatie kadi, kesho nitakurudishia," nilimwomba.

"Na gari ikipinduka?" akasema. "Batoto bangu batakula jina yako?"

Saa saba ilifika sina hata moja. Nabintu alipiga tena, akaniuliza nimepata kadi ngapi. Hapo ndipo nilipobadilisha mtindo. Nilipanda juu ya tairi la pikapu nikapaza sauti: wale walio kwenye orodha ya Nabintu na waje wenyewe na kadi zao, kuna ofisi Mbarara inataka kuziona leo.

Watu wakanigeukia. Kisha Yonatani akasogea.

"Mbarara? Na kadi?"

"Na kadi."

"Kuko mashine ya picha?"

"Iko."

Kila nililosema lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Hapa Nakivale, ukiitwa kwa orodha, na kadi, na picha, unaitwa kwa jambo moja tu: safari ya Amerika, kuhamishiwa huko moja kwa moja. Watu hulisubiri neno hilo miaka kumi. Niliona uso wa Yonatani unafunguka. Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo ni hapana. Nilitazama saa.

"Pandeni," nikasema. "Muda unapita."

Wakapanda. Yonatani alimtupia mkewe unga na kuruka ndani. Nikahesabu: tisa. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Ndipo nilipomwona Kantengwa katika mstari wa wanaoishi peke yao, watu watatu tu mbele yake. Mama huyu wa milima ya Minembwe alibakiwa na mtoto mmoja, Gakwaya, ambaye alipelekwa Amerika tangu 2004. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Emery, mutoto yangu, jina yangu iko?"

"Iko, mama."

Watu watatu! Ningemwomba dereva asubiri dakika kumi. Lakini honi ilikuwa inalia, na kichwani nilikuwa na saa kumi na moja. Kantengwa aliukunja mfuko wake mtupu, akautia kwapani, akatoka mstarini kabla hajapewa chakula chake cha mwezi. Mimi nikamshika mkono kumpandisha.

Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kilometa zaidi ya hamsini, za vumbi na mashimo. Walianza kuimba wimbo wa kanisani, polepole. Karibu na Kabingo tairi likapasuka. Tulipoteza nusu saa, na nikamfokea dereva kana kwamba yeye ndiye aliyetega msumari. Kantengwa alikaa kando ya barabara akilainisha kitenge chake magotini. Aliniuliza kama kwa Gakwaya kuna baridi sana, kama watampa koti kabla au baada ya ndege. Nikamwambia sijui. Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema kila kilometa. Niliogopa watashuka.

Tuliingia ofisini saa kumi na dakika arobaini, watu kumi na mmoja wenye vumbi, mmoja ana unga kwenye nywele. Nabintu alisimama. Mutabazi alikuwa ameshika kichwa mbele ya kompyuta. Bi. Kyarisiima alinyoosha mkono bila salamu, nikamkusanyia kadi. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya tano aliketi.

"Zote," alisema taratibu. "Tarehe moja Januari, zote."

"Ndiyo, Madamu," Nabintu akasema, akazichukua na kuanza kuzipitisha kwenye mashine, moja moja. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Bi. Kyarisiima alimgeukia Kantengwa aliyekuwa karibu naye. Nadhani alitaka tu kusikia kwa sikio lake. "Mama, wewe nazaliwa siku gani?"

Kantengwa alinyooka. Alikuwa amelijibu swali hilo peke yake, usiku na mchana, kwa miaka mitano, akijiandaa kwa siku atakayohojiwa kwa safari. "Tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka elfu moja mia kenda makumi tatu na munane. Nilikimbia mu tisini na sita. Bwana yangu balimuua kando ya muto, mi nilikuwa naona. Batoto bane balikufa njiani, nitabataja majina. Gakwaya ni wa mwisho, iko Amerika. Sijadanganya kitu. Muniandike."

Hakuna aliyeweza kumsimamisha. Aliwataja wote wanne. Bi. Kyarisiima alibaki ameinua kalamu, haelewi. Mkono wa Nabintu ulisimama juu ya kadi ya nane. Alimtazama Kantengwa, akautazama ule mfuko mtupu kwapani, kisha akanitazama mimi. Alijua nilivyowaleta. Akainama akaendelea: ya nane, ya tisa, ya kumi.

Mutabazi alibonyeza. Ombi lilikwenda zikiwa zimebaki dakika sita. Alipiga meza, akanikumbatia, akacheka kama mgonjwa aliyepona. Bi. Kyarisiima alisimama, na hili lazima nimpe: alisema kwa sauti, makarani wote wasikie.

"Nabintu, nimekosa. Hapa hakuna mwongo."

Ndicho nilichokuwa nimekijia. Nilimtazama mke wangu nione uso wake ukirudi. Haukurudi.

"Asante, Madamu," alisema. "Lakini mwongo yupo. Ni bwana yangu."

Alipiga magoti mbele ya Kantengwa, akaishika mikono yake miwili. Alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Mama, hapa si fasi ya Amerika. Hapa ni fasi ya maji. Tunaomba feza ya kusafisha maji ya kwetu. Hakuna mutu alikuita kwa safari. Utusamehe."

Yonatani alinijia na ngumi, Mutabazi akaingia kati. Wengine waliketi sakafuni. Kantengwa hakulia. Aliielekezea mashine kidole.

"Na picha ya kadi yangu imeenda wapi?"

"Imeenda Ulaya, mama."

"Basi jina yangu imevuka mbele yangu," alisema. Kisha akanigeukia. "Emery. Ulikuwa unajua?"

Nilifungua kinywa kusema hapana. Nabintu alikuwa ananiangalia.

"Nilijua, mama."

Aliutoa ule mfuko kwapani, akaukunjua, akaukung'uta, akanipa. "Basi hii utajaza weye."

Niliujaza. Nabintu alipima mwenyewe kutoka kwenye fungu letu, kikombe kwa kikombe, na tukafunga mkanda mwezi mzima. Mkataba wake uliongezwa. Fedha zilikuja mwaka uliofuata, na machujio yamesimama Kashojwa. Watu wakiyaonyesha wageni husema Emery alikimbiza kadi hadi Mbarara. Kantengwa huchota pale kila asubuhi. Hunisalimia vizuri, huniuliza habari za nyumbani. Ila nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua imenyesha Kabingo, hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huenda kumwuliza Nabintu.