Moshi wa Betri

"Mwambie mama yako leo, la sivyo nitamwambia mimi!" mke wa fundi betri alifoka, karatasi ya hospitali mkononi. "Miaka tisa ananiita tasa, kumbe mgonjwa ni wewe!"

"Polepole, mke wangu. Majirani hawa wana masikio kama nyungo."

Fundi akainama. Daktari alisema risasi, yale madini ya ndani ya betri, imejaa kwenye damu yake na kudhoofisha mbegu zake za uzazi. Akiacha kuiyeyusha na akatibiwa, huenda wakabahatika.

Lakini siku zile zilikuwa tamu, jamani! Walipokuwa wamefunga ndoa tu, aliyeyusha risasi uani, moshi ukapanda hadi mawingu yakapiga chafya. Mkewe alikaa kando akimpa habari za mtaa. Chakula walikipasha juu ya tanuri lilelile, wakala kwa mikono yenye masizi, wakicheka mpaka mbavu zikauma. Nani angedhani raha ile ilikuwa na sumu ndani yake?

"Ulikipenda kile chakula," alisema taratibu.

"Nilikupenda wewe, zuzu we," mkewe akajibu, sauti imelegea. "Sasa utamwambia?"

"Nitaanzaje kumwambia mama kwamba mwanawe wa pekee..."

Mlango ukasukumwa. Mama mtu akaingia na chupa ya dawa ya uzazi, kama kawaida yake kila mwezi, akamnyooshea mkwewe.

Fundi akaipokea yeye, akaifungua, akainywa yote mbele ya mama yake.