Siku Nyumba Yangu Ilipokosa Nje

Nitasimulia mwenyewe, maana kuna watu hapa Mahabibo, mtaani kwetu Mahajanga, wanaonisimulia kwa niaba yangu na kila mmoja anatia chumvi yake, mpaka mwezi uliopita nilisikia eti nilizimia na kumwagiwa maji ya waridi. Sikuzimia. Niliaibika tu, nikiwa nimesimama wima, mbele ya shehe, mbele ya wakwe, mbele ya masufuria ya pilau.

Chanzo ni zawadi. Binti yangu Halima, anayeishi Reunion, alikuja likizo na kisanduku, ndani yake mna chombo cha kupima hali ya hewa, nacho ni vitu viwili: kimoja cha kukaa nje, kina vikombe vinavyozungushwa na upepo na kikopo cha kupokea mvua, na kingine ni kioo cha kukaa ndani kinachoonyesha namba. Cha nje alikifunga kwenye mlingoti nyuma ya bafu, mbali na jiko langu la mkaa (alisema moshi na joto vingekidanganya), kioo akakiweka juu ya kabati la vyombo. Nikamuuliza waya uko wapi. Akasema, "Mama, hakina waya. Vinazungumza hewani, kama simu."

Kama simu. Naomba neno hilo likumbukwe, maana mimi nililikumbuka.

Akanionyesha: namba ya juu ni joto la ndani ya nyumba, ya chini ni joto la nje, pembeni kuna picha, jua au wingu au wingu lenye matone, ya kukuambia kinachokuja. "Na ukiona mahali pa namba ya nje pana vijistari tu," akasema, "ujue cha nje kimepatwa na jambo. Pengine kimeanguka." Kisha akapanda ndege, akaniacha na mtambo.

Sikusoma sana, chuo cha Kurani na miaka michache ya shule, lakini namba nazijua, na kioo kile nilikielewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu. Haukupita muda wanawake wa mtaani wakawa wanapita mlangoni asubuhi. "Koko, nianike samaki?" (Koko ndiyo bibi kwetu sisi wenye asili ya Komoro, na mume wangu wanamwita Bakoko.) Naangalia. "Anika." Au, "Usianike." Wanakwenda bila kubishana. Mtu akikuamini kuhusu samaki wake amekuamini.

Sasa, mjukuu wangu Fauzia akaposwa. Ni mtoto wa marehemu mwanangu wa kiume, sisi ndio tuliomlea pamoja na mama yake, kisha akapata kazi ya hoteli huko kisiwani Nosy Be na akapata na mchumba huko huko, kijana mpishi, mtaratibu, sina neno naye. Harusi ikapangwa kwa wakwe, Ambondrona, kisiwani huko huko. Baba yake hayupo, kwa hiyo walii wake ni babu yake, yaani mume wangu Saidi, ila Saidi ana magoti mabovu na safari ya gari na boti asingeiweza. Ikakubaliwa atoe idhini kwa simu, ampe uwakala shehe wa kule amwozeshe Fauzia kwa niaba yake. Akaitoa, mashahidi wakasikia, jambo likaisha.

Nikafunga mzigo. Na hapo ndipo nilipofanya kitu kimoja kidogo: nilikichukua kioo, nikakiviringisha katika leso, nikakitia sandukuni katikati ya nguo.

Msinicheke kabla ya wakati. Nilikuwa na sababu. Saidi ni mtu ambaye ukimuuliza kwa simu kama mvua imenyesha atakujibu "sijui" naye yumo ndani yake. Nikaona nikiwa na kioo nitajua mwenyewe hali ya nyumba yangu, bila kumwomba mtu habari. Na simu yake nilimwamuru aizime mpaka nirudi, asije akamaliza chaji kwa kusikiliza redio. Nilijipanga vizuri kabisa.

Asubuhi ya ndoa tulikuwa chumba cha wanawake, Fauzia amekaa juu ya mkeka, hina imeshika, anapambwa, mama yake anamtengeneza nywele, na mimi nikasema ngoja niangalie Mahajanga kukoje. Nikakifungua kioo. Ndani: thelathini. Nje: vijistari. Pembeni: wingu jeusi lenye matone.

Nikakifuta na leso. Vijistari. Nikakipeleka dirishani. Vijistari.

Hapa lazima niseme jambo la zamani, ili mjue sikuwa mwendawazimu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, tukiwa bado wapya katika ndoa, kimbunga kilitung'olea paa lote la bati. Mimi na majirani wote tulikimbilia msikitini, isipokuwa Saidi. Nilimkuta kulipokucha amekaa juu ya sanduku la nguo zangu, mvua inampiga kichwani, ananiambia hakutaka zilowe. Mtu huyo hatoki nyumbani. Nyumba ikiondoka, naye anaondoka.

Mama yake mchumba, Bi Mariamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, akaniuliza, "Koko, mbona umekaa hivyo?"

"Nyumba yangu haina nje," nikasema.

"Haina nini?"

"Nje. Ndani ipo. Nje haipo."

Nikapiga simu ya Saidi. Imezimwa, kama nilivyoamuru. Nikapiga tena, imezimwa bado, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yake mzee yule alikuwa ananitii. Hapo sauti yangu ikapungua kidogo (kidogo tu), nikasema kumetokea kimbunga Mahajanga, cha nje kimeanguka, na mzee yumo ndani. Fauzia akaanza kulia na wanja wake wote. Mama yake akafuatia. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye hamjui Saidi wala hajawahi kumwona, akalia kuliko wote wawili.

Kilio kikavuka ukuta. Upande wa pili wanaume walikuwa wameshakaa uwanjani kwenye mazulia, bwana harusi amevaa joho, shehe anajiandaa kufungua hotuba. Mimi nilikuwa nimesema kimbunga. Kilipofika kwa wanaume kimbunga kilikuwa kimeshaua, kimeshazika, na watu wanasema inna lillahi.

Shehe akainua mkono. Alikuwa mtu makini, wa kupima maneno. Akasema, na mimi nilimsikia nikiwa mlangoni: "Mzee Saidi amenipa uwakala. Akiwa hai, ninao. Akiwa amefariki, uwakala umekufa naye, na ndoa nitakayofunga haitakuwa ndoa. Siwezi kumwozesha mtoto wa watu kwa idhini ya mtu nisiyejua yuko upande gani."

Kisha akaweka kitabu chake chini. Bwana harusi akabaki na mkono wake umenyooshwa nusu, hajui aurudishe wapi.

Bi Mariamu akatoka jikoni na upawa mkononi. "Nani kaleta habari?"

"Koko."

"Kaambiwa na nani?"

"Na ile saa."

"Kama hamumtaki mwanangu semeni," akasema, "msituulie mzee wa watu. Mimi nimeona harusi ikivunjwa na mahari, nimeona ikivunjwa na ulevi. Na saa ya ukutani, sijaona."

Nikamwambia si saa. Akasema basi ni nini. Nikaanza kumweleza vikombe na upepo, huku mjukuu wangu analia nyuma yangu na pilau inapoa mbele yangu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu aliyetumwa na majini.

Mwishowe nikamkumbuka Zaina, auzaye mkaa mkabala na nyumba yangu, nikampigia. Akapokea. Nikamwambia kimbia kwangu utazame, na usiikate simu. Baba yake bwana harusi, mwenye nyumba, akaichukua ile simu mkononi mwangu, akaifungulia sauti, akaenda kuiweka juu ya zulia mbele ya shehe, ili kila mtu awe shahidi. Wanawake wote wamejazana mlangoni nyuma yangu. Tukawa tunasikiliza ndara za Zaina.

"Koko, nimefika," akasema. "Paa lipo."

"Na mzee?"

Ndara zikaingia ndani. Nilijishika kwenye fremu ya mlango, na hilo ndilo wanaloliita kuzimia.

"Yupo," akasema Zaina. "Anasema asisumbuliwe, anakula."

Mbele ya umma ule wote, mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi. Mimi nikauliza, "Anakula nini?"

"Achari."

Daktari kamkataza chumvi. "Mnyang'anye!" nikasema.

"Mama," akasema shehe, "niachie mimi." Akainama juu ya simu. "Mzee Saidi, assalamu alaikum. Uko hai?"

"Nani anauliza?"

"Shehe, wa Ambondrona."

"Kama ni shehe, niko hai. Kama ni mke wangu, muulize yeye, ndiye mwenye mtambo."

Watu wakaanza kukohoa.

"Idhini yako bado ipo?"

"Ipo. Mwozeshe mtoto, shehe, asilie." Tukamsikia anatafuna. "Na wasiogope huko. Huku jua kali tupu. Tangu bibi huyo aondoke hakuna mvua wala ngurumo."

Bwana harusi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na zulia zima, shehe naye akajifunika uso kwa ncha ya kilemba chake na mabega yakawa yanatikisika. Niligeuka niingie ndani nikajifiche, nikakuta wanawake wameziba mlango kwa kucheka.

Na mngedhani yamekwisha. Shehe alipofungua tu kitabu chake tena, tone likaanguka juu yake. Kisha jingine. Kisha mbingu ya Nosy Be ikafunguka yote kwa pamoja, kwa sababu lile wingu la kwenye kioo halikuwa la Mahajanga hata siku moja, lilikuwa la pale pale, juu ya vichwa vyetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimelishika mkononi asubuhi nzima bila kumwambia mtu afunike masufuria.

Ndoa ilifungwa ukumbini mwa nyumba, watu wamebanana mpaka bwana harusi akasema "nimekubali" akiwa kakanyagwa mguu. Pilau ililiwa kama uji. Bi Mariamu aliniletea sahani kwa mkono wake, akaniinamia sikioni.

"Koko, samahani nikuulize. Hii mvua ni yetu au ni ya kwenu?"

Nilikula pilau yangu.

Halima nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka akaikata, akapiga tena akacheka tena, ndipo akaniambia kuwa vitu vile husikiana mwendo wa uwanja tu, kuta zikiwa nene hata hapo havifiki, na ile picha ya wingu hutengenezwa na kioo chenyewe kwa hewa ya mahali kilipo. Nikamwambia haya ungeyasema siku ile badala ya kusema kama simu. Kioo sasa nimekipigilia misumari ukutani, na mwenye kutaka kujua hali ya hewa ya Nosy Be aende Nosy Be.

Saidi naye kapata mchezo. Kila asubuhi anapita na mkongojo wake. "Bibi, leo niko hai?"

Natazama. "Ishirini na nane. Uko hai. Kaoge."

Juzi nilitazama nikakuta vijistari. Betri, najua ni betri, Halima alishaniambia zitakwisha. Hata hivyo niliacha chai jikoni nikatoka mpaka barazani, nikamtazama kwa macho yangu. Alikuwa anakula achari. Sikumwambia kitu.