Kidole Nilichokishika Kamanga

Jamani, tangu siku ile sijavuka tena ziwa kwenda Kamanga, na sijui nitavuka kwa uso gani.

Nina shahada ya uzamivu, lakini kazi yangu ya utafiti ni ya mkataba. Natengeneza kifaa cha kupima mapigo ya moyo kidoleni: nusu baiolojia, nusu nyaya za redio za mtumba, maana tangu biashara iwe huria, sokoni Mabatini hukosi kitu. Profesa mgeni alikuja kukiona ili aamue kama mkataba utaongezwa. Tukapanda pantoni kwenda kukijaribu kwa wagonjwa wa zahanati ya Kamanga.

Ng'ambo ndiko kwao Kabula, mchumba wangu. Posa ilishapokelewa, ila wazazi wake sikuwa nimewaona. Mjomba wangu alinionya: kwetu Wasukuma mama mkwe hasogelewi, hata mkono hapewi.

Zahanati ilijaa. Nikajitambulisha kwa jina, ukoo na usomi wangu wote, kisha nikamshika mkono mama mmoja aliyekaa mbele. Akajivuta, akajifunika uso kwa kanga. Hapo ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza, profesa alikuwa ananitazama.

"Usiogope, mama," nikasema kama mtangazaji wa redio. "Sayansi haina aibu."

Nikamvalisha kifaa kwa kumlazimisha. Kikalia mbio mbio. Nikawatangazia watu kwamba huo ndio moyo mgonjwa tuliokuwa tunautafuta.

Mama hakunigeukia. Akamwambia nesi, polepole, zahanati nzima ikisikia:

"Mwambie mkwe wangu aniachie mkono."