Hina ya Mkono wa Kushoto

Nilikuwa na tamaa moja tu: picha yangu itundikwe mlangoni. Si mlango wowote, bali wa duka la picha la mwalimu aliyenifundisha kuchora, katika uchochoro wa Mji Mkongwe ambao kila anayepita lazima anyanyue macho. Ndani ya duka alinipa pembe yangu nichore nitakavyo. Mlangoni hakutaka kusikia. "Siku utakayonletea picha ambayo mtu mwengine hawezi kuichora, mwanangu, ntaitundika mwenyewe," aliniambia.

Na ningeipata mapema, lau si binamu yangu.

Ni binti wa mjomba wangu wa Kizimbani. Aliletwa kwetu Mpendae asome skuli ya mjini, tukalala chumba kimoja, na mama akatuusia tupendane. Nilimpenda, kwa nini nisimpende? Ila kila nilichokishika mimi kwa jasho, yeye alikishika kwa mchezo, nacho kikamtii. Mtu wa namna hiyo utampendaje siku zote?

Nilianza na penseli. Nilimchora bibi yetu amekaa barazani, nafuta na kurudia mpaka karatasi ikatoboka. Binamu yangu akaokota kipande cha penseli na karatasi iliyofungiwa mkate, na chai haijapoa, bibi alikuwa keshatokea, na lile jicho lake dogo la kushoto na kila kitu. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mimi!" alisema. Na wangu alikuwa nani, basi? Nikaiacha penseli.

Nikahamia makaa. Nilivifungia vijiti vya mpera ndani ya kopo la maziwa, nikaviweka jikoni mpaka vikawa makaa mazuri ya kuchorea. Nilijua binamu yangu hapendi kuchafuka. Loh! Haikupita juma nikamkuta na kidole cheusi, anafikicha kivuli cha ngazi, na ile ngazi ungeweza kuipanda. Nikakimbilia rangi za maji. Masika yakaingia, karatasi zikanywa unyevu, rangi zikatiririka, nikachana kazi yangu yote kwa hasira. Yeye aliziacha zitiririke, akasema ni mvua. Na kweli ilikuwa mvua, inanyesha juu ya mabati ya Mpendae.

Kwenye rangi za mafuta hakunifuata, ingawa mama alipiga kelele kuwa pilau lake linanuka tapentaini. Nikamshukuru Mungu. Kumbe hakunifuata kwa sababu alikuwa hana nafasi, alishaingia kwenye hina. Bibi arusi wa Chukwani, bibi arusi wa Mji Mkongwe, wote wanamtaka yeye. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikakaa nikisubiri alitie maji. Hakutia hata tone.

Ikafika harusi yangu. Kwetu bibi arusi hupakwa, hajipaki. Hukaa kama mtoto mchanga, mikono imenyooshwa, hata pua ikimuwasha humwomba mtu amkune. Nilimwambia mama tumwite mpakaji wa nje.

"Ebo! Tunaye ndani, tukamtafute nje? Watu watasemaje?"

Lakini nilijifungia nikachora maua yangu mwenyewe kwa wino, karatasi nzima, na siku ya kupakwa nikampa binamu yangu. "Fuata hii," nikamwambia.

Aliitazama. "Dada, nzuri. Lakini karatasi imelala, na mkono una vilima na mabonde."

"Mie ndiye bibi arusi. Fuata!"

Akafuata. Alikunja nailoni kama pakiti ya karanga, akaijaza hina, akanipaka mkono wa kulia jani kwa jani kama nilivyochora. Yaliyokuwa mazuri kwenye karatasi yalivunjika kwenye vifundo, na mti ulioanzia kiganjani ukapotea baina ya vidole. Wanawake waliokuwepo wakasema "nzuri", kama mtu aliyeonja mchuzi usio chumvi.

"Na huu wa kushoto?" aliniuliza.

"Fanya utakavyo," nikasema, na machozi yako karibu.

Hakutazama karatasi tena. Alinishika mkono, akaukunja, akaukunjua, akaangalia ngozi inavyojikusanya. Ndipo akaanza. Alinichorea tawi la mkarafuu kutoka kwenye kifundo cha mkono, na juu ya kila kidole akaweka vikonyo vya karafuu zilizofumba. Hina ilipokauka akaipasha mikono yangu kwa moshi wa karafuu za kwao Kizimbani, kisha akaibandua ile hina. Nikakunja vidole, na karafuu zikafumbuka. Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mimi nikalia, na mashangazi wakanipangusa, wakiambizana kuwa maskini, anasikitika kuondoka kwao. Wallahi nililia kwa kijicho.

Kwenye fungate bibi arusi hafanyi kazi. Analishwa, anafukizwa udi, anakaa. Nilikaa ndani ya chumba cha watu na mkono ule mbele ya macho yangu, siwezi kuukimbia. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na vijiti vyangu vya mpera. Nikavitoa. Kwa mkono wa kulia, wenye maua yangu yaliyovunjika, nikauchora wa kushoto. Sikuuchora kwa mapenzi. Nilitaka kuijua siri yake, nimwibie kabla hina haijafifia. Nilichora kila siku, na kila siku nikaona kitu ambacho jana sikukiona, mpaka siku moja nikainua karatasi na sikuamini kuwa ile ni kazi yangu.

Fungate ilipokwisha nikampelekea mwalimu, akaisogeza kwenye mwanga. "Hii mwengine hawezi kuichora," akasema, akachukua msumari na nyundo.

Nikakaa ndani ya duka, nimetega masikio. Hatimaye bibi mmoja aliyevaa buibui alipita, akarudi, akasimama mbele ya picha yangu. "Mashaallah!" nikamsikia. Akaingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Picha ile ya mlangoni, ni yako?"

"Naam, ni yangu."

"Basi nambie, aliyeipaka hina ile ni nani? Nna binti yangu anaolewa."

Nilimtazama. Nje picha ilikuwa inaning'inia pale pale nilipotaka siku zote, na jina langu chini yake.

"Ni binamu yangu," nikasema, nikamtajia namba ya simu, maana naijua kwa moyo.