Bodaboda asiyepakia mbwa

Juzi kijiweni Tunduma, dada mmoja anayeokota mbwa wa mtaani alikuwa anamkabidhi mama mmoja kutoka Ndalambo mbwa aliyemuuguza mguu mwezi mzima. Bodaboda wa kumrudisha mama nyumbani akagoma.

"Mbwa sipakii, mama. Akiruka tunaanguka wote."

"Kaka, mwenye nyumba kanifukuzia huyu mbwa," dada akasema. "Asipoondoka leo anarudi barabarani."

Mama akafungua kitenge, akainama, akambeba mbwa mgongoni, akakaza fundo la kitenge kifuani.

"Haya. Na mtoto humpakii?"

Kijiwe kizima tukaangua kicheko. Mbwa kalaza kichwa begani, katulia tuli. Bodaboda akajikuna, akawasha pikipiki.

"Panda, mama. Ila mfunike masikio, njiani kuna baridi."

Na ukimuuliza hata leo, atakuapia hajawahi kupakia mbwa.